Rudolf Virchow na Mnyoo wa Nguruwe

Rudolf Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1821 huko Schivelbein, katika ufalme wa Prussia, akasomea udaktari Berlin. Mwaka 1848 serikali ilimtuma Silesia ya Juu kuchunguza ugonjwa wa tifasi. Akarudi na ripoti iliyoilaumu serikali yenyewe: umaskini na ukosefu wa elimu ndivyo vilivyowaangamiza watu. Kwa siasa zake alipoteza kazi, akaenda kufundisha Würzburg. Berlin ilimwita tena mwaka 1856.

Siku zile trikina ilijulikana, ila ilidhaniwa haina madhara. Ni mnyoo mdogo mno; vitoto vyake hujikunja ndani ya misuli na kulala humo. Mwaka 1859 Virchow alimlisha mbwa nyama ya maiti yenye vitoto hivyo, na baada ya siku chache akavikuta vimekomaa utumboni. Mwaka uliofuata, huko Dresden, daktari Zenker alipasua maiti ya mtumishi wa kike aliyedhaniwa kufa kwa homa ya matumbo. Misuli ilijaa trikina. Nyama ya nguruwe aliyechinjwa nyumbani kwa waajiri wake vilevile.

Ugunduzi pekee haukumponya mtu. Wajerumani wengi walikula nyama ya nguruwe mbichi, iliyosagwa. Ndipo mwaka 1864 Virchow akatoa kitabu kidogo kwa watu wa kawaida pamoja na madaktari: nyama ipikwe hadi iive, ikaguliwe kwa hadubini. Mwaka 1865, katika kijiji cha Hedersleben, watu zaidi ya 300 waliugua na kama 100 wakafa.

Mwaka huohuo Bismarck, aliyekerwa naye bungeni, alimwita wapigane. Husimuliwa kwamba Virchow alichagua soseji mbili ziwe silaha, moja ikiwa na trikina. Hadithi tamu, lakini haina ushahidi. Yeye alikataa tu kupigana.

Wachinjaji walinung'unika, ila ukaguzi ulienea Prussia miaka ya 1870, na mwaka 1900 ikatoka sheria ya ukaguzi wa nyama kwa Ujerumani nzima. Virchow alifariki Berlin tarehe 5 Septemba 1902.

Wanasayansi humkumbuka kwa nadharia ya seli. Sisi wa lugha tumkumbuke pia kwa kitabu kile kidogo: alijua kwamba maarifa yasiyofika jikoni kwa lugha ya mpishi hayaokoi mtu.