Tom Mboya: Marafiki wa Ng'ambo na Uhalali wa Dola Changa

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo, ambako babake, mzaliwa wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa nyapara. Alisomea Kabaa, Yala na hatimaye Mang'u, lakini karo ikawashinda wazazi, naye akajiunga na chuo cha Jeanes, Kabete, kusomea ukaguzi wa afya. Hakupata shahada ya chuo kikuu. Hata hivyo, yeye ndiye aliyewafungulia mamia ya vijana milango ya vyuo vikuu vya Marekani. Maisha yake yanadhihirisha jinsi dola changa inavyoweza kuegemea mahusiano ya nje ili ikubalike, na pia mahali ambapo mahusiano hayo hufikia kikomo.

Mnamo Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Viongozi wa KAU walitiwa mbaroni, na mwaka wa 1953 chama chenyewe kikapigwa marufuku. Vyama vya wafanyakazi vikabaki kuwa karibu ukumbi wa pekee ambamo Mwafrika angeweza kutoa malalamiko yake bila kuvunja sheria. Mboya, aliyekuwa ameajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, alilitambua hilo mapema. Mwaka huohuo wa 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo, lililokuja kujulikana kama KFL, na akaufanya uhusiano wake na ICFTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi wenye makao yake Brussels, kuwa ngao.

Ngao hiyo ilifanya kazi. Mwaka wa 1956 serikali ilipotishia kufuta usajili wa KFL kwa madai ya kujiingiza katika siasa, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, Vincent Tewson, alifunga safari hadi Nairobi, na shirikisho likanusurika. Mwaka huohuo Mboya alizuru Marekani, na vyama vya wafanyakazi vya huko vikatoa dola 35,000 za kujengea KFL jumba lake. Lakini si ufadhili huo uliompa heshima miongoni mwa makuli wa Mombasa. Walimheshimu kwa sababu baada ya mgomo wao wa 1955 aliwatetea hadi wakapata nyongeza ya takribani thuluthi moja ya mshahara.

Mnamo Machi 1957 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura. Desemba 1958, akiwa na umri wa miaka 28, aliongoza Mkutano wa Watu wa Afrika Nzima mjini Accra. Hata hivyo, yeye na mwenyeji wake, Kwame Nkrumah, walifarakana baadaye. Nkrumah alitaka vyama vya wafanyakazi vya Afrika vijitenge na ICFTU. Mboya alikataa kuwaacha marafiki waliomfaa wakati wa dhiki.

Kilele cha mahusiano yake kilikuwa safari za wanafunzi. Ukoloni ulikuwa ukiondoka bila kuandaa wasomi wa kutosha wa kuendesha serikali, na Mboya aliona kwamba uhuru usiokuwa na watumishi wake wenyewe ungekuwa uhuru wa bendera tu. Akishirikiana na Wamarekani kama vile William Scheinman, Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, alichangisha fedha za nauli, na mnamo Septemba 1959 ndege ya kwanza iliwasili New York ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka wa 1960, serikali ya Marekani ilipokataa kulipia nauli, alimwendea Seneta John F. Kennedy, na wakfu wa familia yake ukaahidi dola 100,000. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka wa 2004.

Baada ya uhuru, mahusiano hayohayo yaligeuka kuwa chanzo cha shutuma. Jaramogi Oginga Odinga naye alikuwa na marafiki Cairo, Moscow na Peking, nao pia walifadhili masomo ya vijana. Kila upande uliuita upande wa pili kibaraka wa wageni. Mboya, akiwa Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi, alisimamia Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, uliotangaza kwamba Kenya haingefuata upande wowote, japo ulilinda mali ya binafsi na kukaribisha mitaji ya nje. Machi 1966, katika mkutano wa KANU mjini Limuru, ndiye aliyepanga mbinu zilizomwondolea Odinga wadhifa wake chamani. Kwa kumshinda mpinzani huyo, alijifanya yeye mwenyewe kuwa tishio kubwa zaidi kwa waliokizunguka kiti cha urais.

Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, Mboya alipigwa risasi katika barabara iitwayo sasa Moi Avenue, akafa akiwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa na kunyongwa mwaka huohuo, lakini wananchi wengi hawakuamini kwamba alitenda peke yake. Waombolezaji walikabiliana na polisi nje ya kanisa jijini Nairobi. Mwezi wa Oktoba ziara ya Rais Kenyatta mjini Kisumu iliishia kwa risasi na vifo, kisha chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku.

Wahitimu wa safari za ndege waliendelea kujaza ofisi za serikali na kumbi za vyuo vikuu, na kwa hilo dola ya Kenya ina deni kwa Mboya na marafiki zake. Marafiki hao walimpa nauli, jengo na sauti. Hawakuweza kuwapa wananchi jibu kuhusu nani aliyetaka afe, na serikali ambayo raia wake waliikosea imani kwa jambo hilo haikuweza kuazima imani hiyo kutoka ng'ambo.