Al-Jurjani: Tabibu Aliyehusisha Shingo, Macho na Moyo

Ndugu msomaji, watajwapo matabibu wa Kiislamu, aghalabu majina yanayotangulia ni Ar-Razi na Ibn Sina. Leo tumekusudia kumzungumzia Ismail Al-Jurjani, aliyezaliwa karibu na mwaka 1042 huko Jurjan, kusini-mashariki mwa Bahari ya Kaspiani, na kufariki Marw karibu na mwaka 1136, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Takriban mwaka 1110, akiwa tayari mzee, alihamia Khwarazm. Huko akamtungia mtawala Qutbuddin Muhammad kitabu kikubwa cha tiba, Dhakhira-yi Khwarazmshahi. Hakukiandika kwa Kiarabu, lugha ya wanachuoni wa zama zile, bali kwa Kiajemi. Baadaye alikifupisha katika juzuu mbili nyembamba, ili msafiri aweze kuzichomeka ndani ya khufu, viatu vile vya ngozi tunavyovisoma katika mlango wa udhu. Muhtasari huo ukaitwa kwa jina la viatu hivyo.

Rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, lilijulikana tangu kale. Al-Jurjani aliona kuwa wapo wagonjwa wa rovu ambao macho yao hutokeza na mioyo yao hudunda mno, naye katika Dhakhira akayahusisha mambo hayo matatu. Robert Graves wa Ireland aliyaeleza mwaka 1835, na Karl von Basedow wa Ujerumani mwaka 1840, na maradhi hayo yakachukua majina yao. Sisi hatuwalaumu, kila mmoja aliandika aliyoyaona kwa wagonjwa wake.

Wala tusimpe Al-Jurjani asichokuwa nacho. Madini joto, yaani iodini, yaligunduliwa mwaka 1811 na Bernard Courtois wa Ufaransa katika majivu ya mwani. Mwaka 1820 Coindet wa Geneva alianza kuyatumia kutibu rovu. Baadhi ya waliozidishiwa wakakonda, na mioyo ikawaenda mbio. Mwaka 1922 Uswisi ikaanza kuyatia katika chumvi.

Chumvi hiyo huzuia rovu la upungufu, lililoenea sana milimani. Aliloliona Al-Jurjani ni jingine: kinga ya mwili huichochea tezi ipite kiasi, na kumzidishia mgonjwa huyo madini joto huweza kumdhuru. Mwenye shingo iliyovimba, macho yaliyotokeza na moyo unaokwenda mbio apelekwe hospitali akapimwe damu.