Fumo Liyongo: Shujaa wa Ozi na shuka yake ya pamba

UKITOKA Garsen kwa barabara iendayo Lamu, kisha ukakata kulia na kufuata njia ya baharini, utafika Kipini, mji mdogo uliojibanza mahali ambapo Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, humwaga maji yake katika Ghuba ya Ungwana. Kipande hicho cha mwisho cha mto huitwa Ozi. Huko ndiko wenyeji wanakoamini kuwa amezikwa Fumo Liyongo, mshairi, mpiga uta na mwana wa kifalme ambaye jina lake halijapata kukauka vinywani mwa watu wa pwani.

Mashairi yake yapo na sifa zake zipo, lakini sura yake haipo. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukiandaa ukurasa wa utamaduni, mchoraji alimleta mezani kwangu akiwa amevikwa ngozi ya chui na manyoya kichwani. Nilimrudisha. Siku ya pili alimleta akiwa na joho la dhahabu na taji mithili ya wafalme wa Ulaya. Huyo naye nilimrudisha. Mchoraji alinuna, na sikumlaumu, kwa kuwa swali aliloniuliza akiondoka lilikuwa la haki: basi huyo Liyongo alivaa nini?

Ni swali gumu, maana hata wakati aliouishi haujulikani kwa yakini. Wapo wataalamu wanaomrudisha nyuma hadi karne ya 9, wapo wanaomweka katika karne ya 12 au 13, na wapo wanaomsogeza hadi karibu na mwaka 1600. Kuna dalili moja ambayo aghalabu hupitwa haraka. Masimulizi mengi yanasema Liyongo alioa kwa Waorma, ambao simulizi za kale huwaita Wagala, jina wasilolipenda. Wanahistoria wengi wanaona kwamba wafugaji hao walifika bonde la Tana kati ya karne ya 16 na ya 17. Ikiwa ni hivyo, ama Liyongo aliishi karibu na wakati huo, ama wasimulizi wa baadaye walimwongezea mke. Mimi naelekea kwenye rai ya kwanza, ingawa siwezi kuiapia.

Maandishi yanayotupa habari zake ni ya juzi tu. Mmisionari Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alichapisha hadithi yake mwaka 1870 katika mkusanyo wa ngano za Kiswahili. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati na mchonga milango, aliitunga hadithi hiyo katika utendi ambao hadi leo husomwa vyuoni. Mwingereza Alice Werner, aliyeizuru pwani hii kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, alizikusanya habari zake na kuzichunguza, na mwaka 2004 watafiti walizitoa katika kitabu kimoja nyimbo zinazonasibishwa naye. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemwona. Tunalazimika kumvisha kwa ushahidi wa mji na zama zake.

Tuanze na ile ngozi ya chui, kwa kuwa ndiyo inayoniudhi zaidi. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipotia nanga Mogadishu, alikuta nguo zikifumwa mjini humo na kupelekwa hadi Misri. Mtawala wa mji alimpa zawadi ya mavazi, naye aliyataja moja moja: kitambaa cha hariri cha kufunga kiunoni, kwa sababu watu wa huko hawakujua suruali, kanzu ya kitani cha Misri yenye nakshi, joho la nguo ya Jerusalem, na kilemba cha Misri kilichotariziwa kingo. Hayo yalikuwa mavazi ya wakubwa, na sehemu kubwa ilitoka ng'ambo. Lakini pwani haikungoja meli ndipo ijisitiri. Huko Shanga, kisiwani Pate, na huko Kilwa, wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, ambavyo vilikuwa vizito vya kusokotea uzi wa pamba. Mtawa wa Kireno João dos Santos, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1609, aliisifu Pate kwa mafundi wake wa kufuma nguo za hariri na pamba zilizouzwa pwani nzima. Pate ndiyo mji ambao sultani wake, kwa mujibu wa utendi, alimwinda Liyongo. Kumvika ngozi mtu wa miji hiyo ni kuifuta kazi ya wafumaji wa karne nyingi kwa mpigo mmoja wa brashi.

Lile joho nalo lina kasoro yake. Hapana shaka Liyongo angeweza kulivaa. Babake alikuwa mtawala katika nchi ya Ozi, na mji wa Shaka unatajwa kuwa kitovu cha enzi yao. Katika baadhi ya masimulizi ugomvi ulizuka kati yake na nduguye Daudi Mringwari juu ya nani arithi kiti. Liyongo alikuwa na nguvu, umbo kubwa na mapenzi ya watu. Mringwari alikuwa na kiti. Kutoka hapo maisha ya Liyongo ni maisha ya mtu anayekimbia, na mtu anayekimbia katika vinamasi na misitu ya Tana halivai joho.

Atavaa shuka. Hiyo ndiyo nguo ya msingi ya mwanamume wa pwani: kipande cha pamba kilichofungwa kiunoni, chenye mkunjo mmoja mbele, kisicho kifungo wala mshono. Kikoi tukijuacho leo, cheupe katikati na chenye mistari ya rangi kwenye kingo, ni wa ukoo huo huo. Anayevuka mto hukipandisha na kukipitisha katikati ya mapaja, akapiga uwinda, mikono ikabaki huru kwa kasia au uta. Akilala hukifungua kikawa shuka ya kujifunikia. Pamba hunyonya jasho na hulainika kila inapofuliwa. Kitani hupitisha upepo vizuri zaidi, lakini hukunjamana upesi na kilikuwa cha kuagizwa, ndiyo maana kilibaki kuwa nguo ya baraza na sikukuu. Wageni wanaokuja Lamu siku hizi na kununua mashati meupe ya kitani na vikoi vya kutembelea ufukweni, wakidhani wamevumbua unadhifu usio na makuu, wamefika wakati shughuli ilikwishamalizika zamani.

Hata kanzu nyeupe, ambayo wengi wetu tungemvisha bila kufikiri, inahitaji tahadhari. Ilikuwapo, lakini pamoja na kilemba ilikuwa alama ya waungwana. Ilikuja kuenea kwa watu wa kila tabaka katika karne ya 19, hasa baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, meli za Salem zikaanza kumwaga marobota ya merikani. Nguo hiyo ya bei nafuu ndiyo iliyowanyima riziki wafumaji wengi wa pwani. Pamba yenyewe haikuwa ngeni kwa Mto Tana. Katika karne ya 20 ililimwa katika miradi ya kunyunyizia maji ya Hola na Bura. Lakini kufikia hapo mitambo ya kufumia ya Pate ilikwisha kunyamaza.

Turejee kwa mwenyewe. Sifa zake zilipofika Pate, sultani alimwalika, naye akaenda kwa miguu huku amebeba mkoba begani. Alipiga panda mara tatu, na mara ya tatu panda ikapasuka. Alipoutua mkoba na kuanza kutoa vilivyomo, watu waliona kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu, sahani na mafiga. Nyumba nzima ilikuwa begani mwa mtu mmoja. Waorma waliokuwapo walishangaa, wakamwomba sultani awape mtu huyo aoe kwao ili wapate mbegu yake. Akaoa, akazaa, na mmoja wa watoto hao alikuwa mwana wa kiume aliyefanana naye.

Hofu ya sultani ilianzia hapo. Liyongo alipoona hali imebadilika alihamia msituni. Utendi unasimulia kuwa Wasanye na Wadahalo, wawindaji mahiri wa maeneo hayo, waliahidiwa reale mia kwa kichwa chake. Walifanya urafiki naye, wakala kikoa pamoja, kisha wakashauri kuwa kila mmoja apande mkoma kwa zamu na kuwaangushia wenzake matunda. Hila yao ilikuwa kumchoma mishale atakapokuwa juu. Zamu yake ilipofika hakupanda. Alishika uta akayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini, wao wakaelewa kuwa ameelewa.

Hatimaye alikamatwa akatiwa gerezani. Mamake alimtuma kijakazi, Saada, kumpelekea chakula kila siku, na walinzi walikila kilicho kizuri wakamwachia makombo. Liyongo alitunga wimbo, Saada akaushika na kuufikisha kwa mama. Ndani ya wimbo mlikuwa na maagizo: aoke mkate wa wishwa, atie tupa ndani yake. Walinzi waliudharau mkate huo wa kimaskini wakauacha upite. Usiku uliofuata mji uliitwa kucheza gungu kwa ombi la mfungwa, matari na matoazi yakavuma, na chini ya kelele hizo tupa ikakata pingu. Nikisoma sehemu hiyo, nafsi yangu humwelekea Saada kuliko bwana wake. Alihatarisha roho yake kwa wimbo alioubeba kichwani, na hakuna anayezungumzia kaburi lake.

Sasa tufike pale ambapo nguo ina neno. Mwili wa Liyongo haukudhuriwa na mkuki wala mshale. Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichoweza kumuua, nacho ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Sultani alimwita yule mwana, akamwahidi cheo na binti yake, akamtuma kuipeleleza siri. Baba alimtambua mwanawe tangu alipofungua kinywa. Alimwambia kuwa wanaomtuma wanamdanganya, kisha akamwambia siri hiyo hiyo. Kwa nini, masimulizi hayaelezi, na sioni haja ya kuyasaidia.

Kitovu cha mtu aliyevaa joho juu ya kanzu, na kanzu juu ya shuka, hakifikiwi kwa urahisi. Cha mtu aliyelala na kikoi kimoja, kwenye joto la delta, kiko wazi kwa yeyote aliyekaribishwa ndani. Haya ni maoni yangu, hayamo katika utendi. Hata hivyo naona kuwa hadithi hiyo ingeweza kuzaliwa tu miongoni mwa watu waliojua jinsi mwanamume wa kwao anavyolala mchana wa jua kali.

Mwana alimchoma babake usingizini akakimbia. Liyongo aliamka, akatwaa uta na mishale, akatoka hadi karibu na kisima cha mji, akapiga goti moja na kuuvuta uta kama anayetaka kufyatua. Hakuna aliyethubutu kuteka maji. Siku zikapita, mji ukakaukiwa. Mamake aliletwa kumsihi kwa mashairi, lakini hakujibu. Ilikuwa mpaka mwili ulipoanguka ndipo watu walipotambua kuwa walikuwa wakimwogopa maiti.

Wanafunzi wa sekondari nchini Kenya walikutana na kisima hicho kupitia tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani, ya mwaka 2001, iliyojengwa juu ya kisa hiki. Watu wa Garsen hawakuhitaji tamthilia. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hiyo, katika vijiji kama Riketa, Kilelengwani na Kipao, kwa ugomvi wa wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma juu ya maji, malisho na ardhi, huku siasa ikichochea. Wapokomo wana masimulizi yao ya Liyongo. Waorma ndio wakwe zake. Waswahili wa Lamu na Pate humhesabu kuwa baba wa ushairi wao, na Wadahalo wamo katika kisa tangu msituni.

Kuhusu yule mwana, simulizi moja inasema aliuawa na wale wale waliomtuma, na nyingine inasema aliwarudia wajomba zake wakamkataa, akaugua akafa. Katika zote mbili hakupata cheo wala mke.

Kwa hiyo, bwana mchoraji, popote ulipo, jibu langu ni hili. Mchore amepiga goti karibu na kisima, shuka nyeupe ya pamba kiunoni, amepiga uwinda, bila joho, bila kilemba, uta umevutwa. Ndoo ziwe tupu, na watu wasimame mbali. Sindano isionekane.