Hausdorff na Swali la Kidato cha Tano

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, binti mmoja wa Kidato cha Tano alinifuata baada ya kipindi cha takwimu. Alitaka kujua kama madarasa mawili yenye wastani sawa na mtawanyiko sawa lazima yawe na alama zilezile. Nikamwambia hilo halipo kwenye mtihani. Nakiri mbele yenu wasomaji: jibu sikuwa nalo, na nilikuwa nawahi daladala.

Muhula huu, nikiwa kimbwetani na notisi za nadharia ya vipimo, swali lake likanirudia. Aliyelijibu kikamilifu ni Mjerumani Felix Hausdorff, mwaka 1921. Jina lake tunalitaja kila wiki darasani kama vile ni jina la kifaa. Basi nikaenda kumsoma mwenyewe.

Alizaliwa Breslau tarehe 8 Novemba 1868, mji ambao leo ni Wrocław, Poland. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nguo, Myahudi, na familia ilihamia Leipzig Felix akiwa bado mdogo. Kijana alitaka kuwa mwanamuziki, mzee akakataa. (Wangapi hapa chuoni tulichaguliwa kozi na wazee? Haya, tuendelee.) Akapata udaktari mwaka 1891 kwa kazi juu ya mwanga unavyopinda angani. Lakini nusu ya moyo wake ilikuwa kwingine: kwa jina la kubuni la Paul Mongré aliandika falsafa na mashairi, na tamthilia yake ya mwaka 1904 ilichezwa katika miji mingi.

Leipzig ilipopiga kura kumfanya profesa, 22 walimkubali na 7 wakamkataa, na sababu ya kukataliwa ilikuwa Uyahudi wake. Nafasi akaipata. Namba hiyo 7 lakini haikunitoka kichwani, maana mbele inarudi ikiwa kubwa zaidi.

Sasa hebu turudi kwa yule binti. Chukua wanafunzi wanne wenye alama 40, 40, 60, 60, na wengine wanne wenye 36, 48, 52, 64. Wastani wote ni 50. Toa 50 kwa kila alama, zidisha tofauti kwa yenyewe, tafuta wastani wake: kote ni 100. Kumbe madarasa ni tofauti kabisa! Hata ukipandisha tofauti kwa kipeo cha tatu bado zinalingana. Kwa kipeo cha nne ndipo zinaachana. Namba za namna hii huitwa momenti, na Hausdorff alionyesha kwamba kwa kitu chenye mipaka, kama alama za 0 hadi 100, momenti zote zikijulikana mgawanyo ni mmoja tu, na alieleza pia ni mifuatano ipi ya namba inayoweza kuwa momenti. Mipaka ikiondolewa uhakika huo unaweza kupotea. Stieltjes alishatoa mfano mwaka 1894 wa migawanyo tofauti yenye momenti zote sawa.

Miaka saba kabla ya jibu hilo, mwaka 1914, Hausdorff alikuwa ametoa kitabu chake kikubwa cha nadharia ya seti. Humo ndimo alimoipa jina nafasi ya kimetriki, yaani mkusanyiko wowote ambao umbali kati ya kitu na kitu unajulikana. Wazo lenyewe Fréchet wa Ufaransa alilileta mwaka 1906. Umbali huo ndio unaotusaidia leo. Chukua seti iliyofungwa, tengeneza fankisheni yenye thamani 1 ndani ya seti na inayoshuka taratibu hadi 0 kadiri unavyoiacha. Ongeza ukali wa mteremko, na mwisho inabaki seti peke yake. Kwa hiyo vipimo viwili vyenye ukomo vikikubaliana kwa fankisheni zote za namna hiyo, zisizoruka ghafla, basi ni kipimo kimoja. Ndiyo maana mfuatano wa vipimo hauwezi kuwa na vikomo dhaifu viwili.

Neno dhaifu lilinisumbua wiki nzima. Weka kilo ya unga kwenye alama ya nusu mita, ihamishie kwenye theluthi, robo, sehemu ya tano, bila kuacha. Kwenye sifuri penyewe hapagusi punje hata siku moja, ila kikomo ni kilo nzima pale sifuri. Hatuulizi kila nukta ina nini, tunauliza fankisheni hizo zinatoa wastani gani.

Mwaka 1923, akiwa Bonn, alifundisha uwezekano juu ya msingi wa vipimo, miaka kumi kabla ya kitabu cha Kolmogorov. Mihadhara hiyo hakuichapisha.

Wanazi walipotawala, alistaafu mwaka 1935 na kuendelea kuandika, akichapisha Poland. Mwaka 1939 alijaribu kupata nafasi Marekani kupitia Courant, ikashindikana. Januari 1942 ikaja amri ya kuhamia Endenich, kwenye nyumba ya watawa iliyogeuzwa mahali pa kukusanyia Wayahudi kabla ya kusafirishwa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 yeye, mkewe Charlotte na shemeji yake Edith walikunywa dawa ya usingizi kupita kiasi. Alikuwa na miaka 73. Hapo niliacha kusoma siku mbili.

Kurasa kama 26,000 alizoacha ziliokolewa na Hans Bonnet, mtaalamu wa Misri ya kale. Leo ziko maktaba ya chuo cha Bonn.

Yule binti sasa yuko Kidato cha Sita. Zile alama nane nimeziandika kwenye karatasi, pamoja na hesabu ya kipeo cha nne, nimempa mwalimu wake wa hisabati ampelekee. Juu kabisa nimeanza kwa kumwomba radhi.