Anita Mui: Sauti Iliyofunzwa Viwanjani

Kila ninapofundisha toni, wanafunzi hutarajia mifano ya Kigikuyu na Dholuo. Huitoa, kisha huwawekea wimbo wa Anita Mui wa Hong Kong. Katika Kikantoni, lugha ya watu wa huko, neno hubadili maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Mtunzi wa nyimbo hana budi kuteua maneno ambayo toni zake zaafikiana na mahadhi, la sivyo msikilizaji atasikia neno jingine kabisa. Ndiyo maana siwavumilii wasomi wanaodai kwamba nyimbo za mitaani hazina fani.

Mui alizaliwa tarehe 10 Oktoba mwaka wa 1963. Babake alifariki yeye angali mdogo, na kabla hajatimiza miaka mitano alikwisha kupanda jukwaani pamoja na dadake, Ann, katika bustani ya burudani ya Lai Chi Kok. Watoto waimbaji walidharauliwa, hata na wenzao darasani. Shule aliiacha mapema. Lakini katika viwanja vile alijifunza kuishika hadhira isiyotaka kushikwa, na sauti yake nzito ikakomaa. Mnamo 1982 alishinda shindano la waimbaji chipukizi. Miaka michache baadaye alijaza ukumbi mkubwa wa Hong Kong Coliseum kwa maonyesho 28 mfululizo.

Wengi humkumbuka kwa mavazi yake ya ajabu. Mimi namkumbuka zaidi kwa filamu ya Rouge, iliyomletea tuzo za mwigizaji bora wa kike Taiwan na Hong Kong. Humo yeye ni mzuka wa kahaba aliyekunywa kasumba pamoja na mpenziwe miaka ya 1930 ili wafe pamoja. Nusu karne baadaye arudi mjini kumtafuta, na kwa kukosa njia nyingine aenda kwenye gazeti kutaka tangazo. Jukwaani Mui alikuwa moto. Hapa hapazi sauti, hatupi mikono, bali angoja tu. Sijui chuo cha uigizaji ambacho kingemfunza kungoja vile.

Mwaka wa 1990 alitangaza kwamba hatapokea tena tuzo za uimbaji, ili vijana nao wapate nafasi.

Kisha ukaja mwaka wa 2003. Leslie Cheung, mwigizaji mwenzake katika Rouge na rafikiye wa miaka mingi, alijiua mwezi wa Aprili. Mwezi wa Septemba Mui mwenyewe akatangaza kwamba anaugua saratani ya mlango wa kizazi, maradhi yaliyomuua Ann mwaka wa 2000. Hata hivyo, mwezi wa Novemba alirudi Coliseum kuimba usiku nane. Usiku wa mwisho, tarehe 15, alivaa gauni la arusi, naye hakuwahi kuolewa, akapanda ngazi polepole huku akiwaaga watu wake. Alifariki tarehe 30 Desemba, akiwa na umri wa miaka 40.