Bibi Joy Adamson na Majina Aliyowapa Simba Wake

Ndugu msomaji, katika miji yetu ya pwani paka hafukuzwi mlangoni, na akishakaa ndani siku mbili tatu watoto humtafutia jina. Nasi sote twamjua Sahaba Abu Hurayra, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, ambaye kijipaka alichokuwa akikichukua kilimpatia kunya iliyolifunika jina lake, hata wengi leo hawalijui. Amma habari tutakazo kueleza hapa ni za mtu mwingine, si wa dini yetu wala wa pwani yetu, ambaye maisha yake yalishikamana na paka wakubwa wa nyika.

Aendaye kaskazini kutoka mji wa Isiolo hupita Ngaremara, kwenye makazi ya wafugaji wa Kiturkana, kabla ya kufika Archer's Post. Na mashariki ya njia hiyo ndiko iliko hifadhi ya Shaba. Katika nchi hii kavu ndimo alimoishi Bibi Joy Adamson miaka mingi, na ndimo alimofia.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya dola ya Austria, nao sasa waitwa Opava, katika nchi ya Cheki. Wazazi wake walimwita Friederike Victoria. Alikuja Kenya mwaka 1937, naye ni mke wa mtu. Ndoa hiyo ikavunjika, akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Huyu ndiye aliyembandika jina la Joy, maana yake Furaha. Bally naye waliachana, lakini jina halikumwacha; aliingia nalo mwaka 1944 katika ndoa ya tatu, na George Adamson, bwana nyama wa upande wa Isiolo. Alikuwa hodari wa kuchora, akachora mimea, kisha watu wa makabila ya Kenya kwa mavazi yao. Waliomjua husema alikuwa mkali, na furaha ya jina lake haikuonekana kila siku.

Mwaka 1956 George alitoka kumwinda simba aliyemla mtu, Mborani. Huko akarukiwa na simba jike, akampiga risasi, kisha ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa akiwalinda wanawe. Wakachukuliwa watoto watatu, wote wa kike, wakaletwa kwa Bibi Joy. Hakuwapa majina ya kupita njia. Aliwatazama kwanza. Wa kwanza kwa kimo alibaki kuitwa Mkubwa tu. Wa pili, kwa ucheshi wake, akaitwa Lustica, neno lenye asili ya kufurahi katika lugha yake ya utotoni. Na wa mwisho, mdogo wa mwili lakini shujaa, akaitwa Elsa, kwa kuwa alimkumbusha mtu mmoja wa jina hilo. Wale wawili walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Rotterdam. Aliyepewa jina la mwanadamu ndiye aliyebaki, naye akafunzwa kuwinda mpaka akaachiwa huru katika nyika ya Meru. Kitabu cha habari zake kilitoka mwaka 1960, kikasomwa duniani kote.

Mwezi wa Desemba 1959 Elsa alizaa watoto watatu. Mmoja akaitwa Jespah, jina la asili ya Kiibrania lenye maana ya kufunguliwa na Mungu. Wa pili, kwa woga wake, akaitwa Gopa, na hapo bibi huyu alijaribu Kiswahili chetu. Sisi tungesema Mwoga, lakini maana yafahamika. Wa tatu, jike, akaitwa Elsa Mdogo.

Januari 1961 Elsa akafa kwa ugonjwa uletwao na kupe. Watoto wake, wasiojua bado kuwinda vyema, wakaanza kula mbuzi wa watu. Hapa ndipo jina lilipofika mwisho wa nguvu zake. Mfugaji aliyekuta zizi lake limevunjwa hakumjua Jespah; alijua simba tu. Jespah akachomwa mshale, na chembe yake ikabaki mwilini. Sisi hatuwezi kumlaumu mwenye mbuzi, wala hatumcheki bibi aliyehuzunika. Watoto wale wakanaswa, wakachukuliwa mpaka Serengeti, na Bibi Joy akazunguka huko muda mrefu akiwatafuta kwa kuwaita majina yao.

Baadaye alimlea duma aitwaye Pippa, aliyekufa mwaka 1969, kisha chui aitwaye Penny, ambaye alikwenda naye Shaba kumzoeza mwitu. Huko, jioni ya tarehe 3 Januari 1980, alikutwa ameuawa njiani karibu na kambi. Kwanza ikasemwa kwamba ameuawa na simba, na habari hiyo ikaenea mbali; lakini jeraha lilikuwa la chuma, na aliyehukumiwa kwa mauaji hayo ni kijana aliyewahi kuwa mtumishi wake. George naye aliuawa na majambazi huko Kora mwaka 1989.

Mwili wa Bibi Joy ulichomwa, kwa desturi ya baadhi ya watu wa kwao, na majivu yakapelekwa Meru, penye makaburi ya Elsa na Pippa.