Fritz Schlumpf: patroni aliyenunua Bugatti kwa barua, akaishia kukimbia bila gari hata moja

Alikusanya magari ya zamani zaidi ya 400, akayaficha ndani ya kiwanda cha sufu katika mji wa Mulhouse, mashariki mwa Ufaransa. Siku wafanyakazi wake walipovunja mlango na kuyaona, yeye alikuwa tayari uhamishoni Uswisi. Haya ni maisha ya Fritz Schlumpf, mtu ambaye jina lake bado linasomwa kwenye mlango wa makumbusho makubwa ya magari ambayo hakuwahi kuyafungua.

Fritz alizaliwa mwaka 1906 huko Omegna, kaskazini mwa Italia. Kaka yake Hans alikuwa amemtangulia kwa miaka miwili. Baba yao, Carl, alikuwa Mswisi. Mama yao, Jeanne, alikuwa mwenyeji wa Mulhouse, mji wa viwanda vya nguo katika eneo la Alsace. Baba alifariki mapema, naye mama akawarudisha watoto wake kwao Mulhouse na kuwalea huko. Ndugu hao wawili walibaki na uraia wa Uswisi maisha yao yote. Jambo hilo lilionekana dogo wakati huo, lakini lingekuja kuwaokoa.

Kutoka biashara ya sufu hadi kumiliki viwanda

Mwaka 1935, Hans na Fritz walianzisha kampuni yao ya biashara ya sufu. Hans alishughulika zaidi na hesabu, na Fritz alikuwa mtu wa kununua na kujadili bei. Kidogo kidogo walipata hisa katika kiwanda cha kusokota nyuzi cha Malmerspach, kijiji kilicho kwenye bonde moja la milima ya Vosges, mpaka kiwanda chote kikawa chao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ulaya ilihitaji nguo na biashara ikastawi. Ndugu hao waliongeza viwanda vingine, vikiwemo vya Mulhouse na Erstein. Huko Malmerspach karibu kila familia ilikula kutokana na mshahara wa akina Schlumpf. Mama yao alipofariki mwaka 1957, walikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Alsace. Mwaka huo huo walinunua kiwanda cha zamani cha sufu mjini Mulhouse, jengo kubwa la karne ya 19, na ndani yake ndimo siri yao ingefichwa.

Mapenzi ya gari moja

Tangu ujana wake Fritz alipenda magari ya Bugatti. Kiwanda cha Bugatti kilikuwa Molsheim, huko huko Alsace. Mwanzilishi wake, Ettore Bugatti, Muitaliano wa Milano, alianza kutengeneza magari hapo mwaka 1909 na alifariki mwaka 1947. Kwa jumla kiwanda kilitoa magari yapatayo 8,000 tu, mengi yakiwa ya mashindano au ya matajiri. Fritz mwenyewe alikuwa na Bugatti ya mashindano na aliwahi kuiendesha katika mbio.

Katika miaka ya 1950, gari la namna hiyo lilihesabiwa kuwa chuma kikuukuu. Lilikunywa mafuta mengi, vipuri vyake vilikuwa shida kupatikana, na wamiliki wengi waliliacha chini ya miti au nyuma ya ghala. Fritz aliona thamani mahali ambapo wengine waliona mzigo. Kufikia mwisho wa kiangazi cha 1960, tayari alikuwa na Bugatti 10, Rolls-Royce 3, Hispano-Suiza 2 na Tatra 1.

Rejista iliyofungua milango

Tatizo la mnunuzi wa magari ya zamani ni kujua gari liko wapi na ni la nani. Gari linabadilisha plake kila linapohamia nchi nyingine, linapakwa rangi mpya, pengine hata bodi yake inabadilishwa. Kinachobaki ni namba ya shasi na namba ya injini. Kwa namba hizo mtu anaweza kufuata historia ya gari tangu lilipotoka kiwandani, mwenye nalo wa kwanza, wa pili, mpaka wa leo. Bila namba hizo, muuzaji anaweza kudai chochote.

Kazi hiyo ya kufuatilia namba ilikuwa imefanywa na Mwingereza Hugh Conway, injinia na mpenzi mkubwa wa Bugatti. Mwaka 1962 alitoa rejista iliyoorodhesha magari ya Bugatti yaliyojulikana kuwa bado yapo duniani, pamoja na wenye nayo. Nia ilikuwa kuwasaidia wapenzi wa magari hayo wafahamiane na kutunza historia. Fritz aliipokea kama ramani ya hazina. Aliwaandikia barua wamiliki waliomo, akitaka kununua.

Hakupenda minada, ambako kila mtu anaona bei ya mwenzake. Alinunua kimya kimya, kwa barua na kupitia mawakala wake katika nchi mbalimbali, mtu na mtu. Mjane aliyeachiwa gari na marehemu mume wake, mzee asiyeweza tena kuendesha, makanika aliyeishiwa pesa: wote walipata barua kutoka Mulhouse. Kadiri alivyonunua, ndivyo magari yalivyopungua sokoni na bei zikapanda, na yeye akawa analipa matokeo ya manunuzi yake mwenyewe.

Magari 30 kutoka Illinois

Biashara iliyompa sifa zaidi ilifanyika ng'ambo ya Atlantiki. Katika mji mdogo wa Hoffman, jimbo la Illinois nchini Marekani, John Shakespeare alikuwa na mkusanyiko mkubwa kuliko yote wa Bugatti duniani wakati huo. Mmoja wa magari yake ulikuwa Royale, gari kubwa kuliko yote aliyotengeneza Ettore Bugatti, lenye injini ya karibu lita 13. Royale zilizotengenezwa zilikuwa 6 tu.

Shakespeare alitaka dola 105,000 kwa magari yote. Kupitia Conway, alitumwa mtu wa kuyakagua, naye akakuta mengi yamehifadhiwa vibaya, katika jengo lenye madirisha yaliyovunjika, na mengine yakiwa yamefunguliwa vipande. Fritz akatumia taarifa hiyo kushusha bei. Majadiliano yalichukua zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 1964 walikubaliana dola 85,000 kwa magari 30. Yakapakiwa kwenye mabehewa ya treni, yakashushwa kwenye meli na kuvuka bahari hadi Ufaransa.

Ili kuelewa ukubwa wa biashara hiyo, inatosha kujua kwamba mwaka 1987 Royale nyingine, moja peke yake, iliuzwa mnadani London kwa pauni milioni 5.5.

Kabla ya hapo, mwaka 1963, kampuni ya Hispano-Suiza ilipochukua kiwanda cha Molsheim, Fritz alikuwa amenunua magari 18 yaliyokuwa yamebaki mikononi mwa Bugatti wenyewe. Kati yake ilikuwemo Royale aliyoitumia Ettore. Amédée Gordini naye alimuuzia magari yake ya mashindano.

Siri nyuma ya ukuta

Magari yote yaliingizwa katika kiwanda kile cha Mulhouse. Mafundi wapatao 40, wakiwemo makanika, washonaji wa ngozi, maseremala na wapaka rangi, walifanya kazi ya kuyafufua, na wote walitakiwa kunyamaza. Mjini watu walinong'ona, lakini wachache sana walialikwa kuingia.

Fritz hakutaka garaji. Alitaka kasri. Aliangusha kuta za ndani, akapata ukumbi wa zaidi ya mita za mraba 17,000. Akasimamisha taa zipatazo 900 zilizoigwa kutoka zile za daraja la Alexandre III mjini Paris. Magari yakapangwa kama wanajeshi kwenye gwaride. Jengo zima aliliweka wakfu kwa kumbukumbu ya mama yake. Alipanga kuwafungulia watu siku moja, lakini kila siku kulikuwa na jambo la kurekebisha, na siku hiyo haikufika.

Mshahara na taa za Paris

Wakati taa zinasimamishwa Mulhouse, viwanda vilikuwa vinakufa. Katika miaka ya 1970 nguo za bei ndogo kutoka nje na nyuzi za kisasa ziliiangusha biashara ya sufu Ulaya nzima. Mashine za akina Schlumpf zilikuwa zimezeeka. Mwaka 1976 hesabu zilionyesha kampuni haiwezi tena kuendelea. Wafanyakazi wakaanza kuachishwa kazi, na mgomo ukalipuka. Watu wenye hasira waliizingira nyumba ya mapatroni wao huko Malmerspach. Polisi waliingilia kati, na ndugu hao wakavuka mpaka hadi Basel, Uswisi, mwendo mfupi tu kutoka Mulhouse. Kwa kuwa walikuwa raia wa huko, Uswisi haikuwakabidhi kwa Ufaransa.

Tarehe 7 Machi 1977, wanasendika walilivamia jengo la Mulhouse. Walikuwa wamesikia kwamba kuna magari, lakini hawakutarajia walichokiona: safu kwa safu za magari yanayong'aa, vitasa vya shaba, viti vya ngozi mpya. Kwa mtu aliyeambiwa hakuna pesa ya mshahara, kila gari lilikuwa jibu. Waliona kwamba jasho la bonde lao limegeuzwa chuma na rangi. Hasira ya wengine iliishia kwa gari moja dogo aina ya Austin, ambalo lilichomwa moto.

Lakini hawakuharibu mengine. Wafanyakazi hao, wakiongozwa na sendika ya CFDT, waliamua kuyalinda, kwa sababu waliyahesabu kuwa dhamana ya haki zao. Wakaufungua mlango kwa umma na kulipa jengo jina jipya, Kiwanda cha Wafanyakazi. Kwa miaka miwili hivi, watu wapatao 800,000 walipita humo. Wasokotaji wa sufu wakageuka walinzi na waongozaji wa wageni.

Magari ni ya nani?

Swali likahamia mahakamani. Kwa Fritz jibu lilikuwa rahisi: alinunua, alilipa, na barua za mauzo zipo. Kwa wafanyakazi, fedha zilizolipia zilitoka katika kampuni iliyowanyima mishahara. Wadai wa kampuni nao walitaka kila kitu kiuzwe ili madeni yalipwe. Mahakama ilipanua ufilisi wa kampuni hadi kwenye mali binafsi ya ndugu hao, na magari yakaingia katika hesabu ya mufilisi. Fritz na Hans wenyewe walishtakiwa kwa kutumia vibaya mali ya kampuni.

Mwaka 1978 serikali ya Ufaransa iliupa mkusanyiko hadhi ya urithi wa kihistoria. Kuanzia hapo magari hayakuweza kuuzwa nje ya nchi wala kutawanywa. Uamuzi huo uliyaokoa yabaki pamoja, lakini uliwafungia nje wanunuzi wa Marekani na kwingineko, na kwa hiyo uliishusha bei. Mwaka 1979 wafanyakazi waliondoka katika jengo. Mwaka 1981 chama kilichoundwa na mji wa Mulhouse, viongozi wa eneo na wadau wa magari kilinunua mkusanyiko na jengo kwa faranga milioni 44 za Ufaransa. Mwaka 1982 makumbusho ya taifa ya magari yalifunguliwa rasmi, bila Fritz.

Miaka ya mwisho

Fritz alibaki Basel na kuendeleza kesi mwaka hadi mwaka, akishikilia kwamba ameporwa mali yake kwa bei ya kutupa. Hans alifariki mwaka 1989. Fritz alifariki mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 86.

Mjane wake, Arlette, aliendelea na kesi. Mwaka 1999 mahakama ya Paris iliamua jina la Schlumpf liwekwe kwenye makumbusho, na tangu hapo jina rasmi linataja mkusanyiko wa Schlumpf. Arlette pia alirudishiwa magari zaidi ya 60 yaliyokuwa akiba, mengi yakiwa hayajatengenezwa. Yaliuzwa kwa watu binafsi, na mwaka 2008 yakafika mikononi mwa Mmarekani Peter Mullin, ambaye huko California aliyaonyesha mengine yakiwa na vumbi na kutu yake ya zamani.

Mulhouse bado ina magari mengine yote, pamoja na taa za Paris na kumbukumbu ya mama.